Ufunguo wa Cherehani

Mtu yeyote akikwambia anamwelewa dada yangu, jua hajawahi kuishi naye chumba kimoja. Mimi nimeishi naye, nimelala naye kitanda kimoja miguu yake ikiwa usoni mwangu, na tangu aanze kuandika vitabu ni mimi ninayempigia chapa, maana mwandiko wake ni kama kuku aliyekanyaga wino. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba mwaka huu dada yangu alipotea akiwa amekaa kitini pake, karatasi mbele yake na miwani usoni, msidhani natia chumvi. Alipotea kweli. Nilikaa pembeni nikimsubiri arudi, na mpaka sasa sina hakika kama amerudi.

Chuoni anaitwa Profesa. Nyumbani anaitwa Dada. Wanafunzi wake wanamwita Bi Rudia, na wanadhani hajui. Jina hilo lina sababu. Kazi yoyote unayompelekea, hata uwe umeitolea jasho namna gani, anaiandikia juu kwa wino mwekundu: rudia. Na yeye mwenyewe hurudia. Maisha yake yote amekuwa akikusanya maisha ya wanawake: wauza mboga, wauguzi, wafua nguo, wanaofagia ofisi kabla wenye ofisi hawajafika. Anakwenda na kinasa sauti chake, anakaa nao, anawasikiliza. Watafiti wengine wakishapata walichofuata huaga, na ndiyo imetoka hiyo. Dada akimaliza kuandika hurudi kwa mwanamke yule yule, akaketi, akamsomea kila neno aliloandika juu yake. Kisha humwuliza swali lake: "Nimekuandika wewe, au nimemwandika mtu mwingine?" Mwanamke akisema toa, anatoa. Akisema ongeza, anaongeza. Hakuna ukurasa wake unaokwenda kiwandani kuchapwa kabla mwenyewe hajasomewa.

Watu wa chuo walimcheka. Mkuu wa idara wa wakati huo, bwana mmoja mwenye tai pana na vitabu vingi, alimwambia huo si utafiti, ni kutembeleana. Dada akamjibu kwamba yeye bwana ameandika juu ya wanawake wa sokoni tangu enzi na enzi na hakuna hata mmoja anayemjua kwa sura. Lakini mimi nilikuwa upande wa yule bwana kimyakimya. Muuza mboga mmoja aliwahi kufuta karibu nusu ya sura nzima, akidai hakusema vile, au alisema lakini siku ile alikuwa na hasira na mumewe. Nani aliyepiga chapa upya mpaka vidole vikafa ganzi? Nilimtukana yule mama moyoni, na mara moja moja mdomoni.

Mlangoni pa ofisi yake Dada alibandika karatasi. Imechakaa sasa, imegeuka rangi ya chai, lakini bado inasomeka: Mwanamke akisimulia maisha yake, aaminiwe kwanza. Watu wakimwuliza ufeministi ni nini, huwa hataki hotuba. Anawaonyesha mlango.

Jina lake, hata hivyo, halikujengwa na wauza mboga. Lilijengwa na Mama.

Mama alikuwa mshonaji. Tuliishi nyumba ya vyumba viwili, na cha mbele kilikuwa cha cherehani. Sisi wengine tulikuwa wageni tu humo. Ilikuwa cherehani ya miguu, imepachikwa kwenye meza yake, na juu ina kifuniko cha mbao chenye tundu la ufunguo. Baba alikuwa mtunza bohari ya vipuri, mtu mpole, mchache wa maneno, mwenye funguo kibao kwenye pete ya chuma kiunoni. Ungemsikia anakuja tangu anapokata kona.

Siku moja Dada, akiwa darasa la sita, alirudi kutoka shule akakuta kifuniko cha cherehani kimeshushwa na kufungwa. Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, analia. Baba amesimama katikati ya chumba. Dada akauliza kuna nini. Baba akasema, "Hapa ndani hapashonwi tena." Akatoka, funguo zikalia mpaka mwisho wa uchochoro. Basi. Hakueleza siku ile wala siku nyingine. Mama akaenda kufanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akawa anafua mashuka ya wagonjwa mpaka mgongo ukamkatalia. Mimi nilikuwepo, ila nilikuwa mdogo sana. Ninachokumbuka ni mlio wa funguo.

Tangu siku ile Dada akamnunia Baba, na kununa kwa dada yangu si kwa wiki. Baba alikuwa akimpigia kiwi viatu vya shule kila asubuhi. Dada alikuwa akivifuta na kuvipiga upya, ili visiwe vimepigwa na Baba. Akaingia kwenye vitabu kama mtu anayeingia kwenye ugomvi. Kila zawadi aliyopata shuleni aliiweka mezani mbele ya Baba bila neno, kama anayemwambia, na hiki nacho kifunge. Akiwa masomoni mbali na nyumbani, kabla hata hajaanza ule utaratibu wake wa kusomea watu, ndipo alipoandika makala juu ya cherehani ile: mwanamke mwenye kipaji, mwanamume mwenye funguo, na mtoto aliyesimama mlangoni akielewa dunia kwa mara ya kwanza. Makala ile ilimpeleka kila mahali alikofika.

Na alipopewa uprofesa, mhadhara wake wa kwanza ukawa ndiyo hiyo hiyo. Ukumbi ulijaa. Sisi familia tulipewa viti vya mbele. Baba alivaa koti lake la kustaafia. Dada alipofika kwenye sentensi ya ufunguo kuning'inia kiunoni mwa mwanamume, ukumbi mzima ulimgeukia Baba, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Ilikuwa aibu juu ya aibu, maana hapo hapo Mama akainuka, nadhani alitaka kwenda msalani, na Baba akamvuta mkono akamkalisha. Minong'ono ikapita nyuma yetu: mnaona, mpaka leo anamkalisha. Mhadhara ulipokwisha, Baba ndiye aliyeanza kupiga makofi, na alipiga hadi wenzake wote wakawa wameacha. Nje akamwambia Dada, "Umesema vizuri. Sauti ilifika mpaka nyuma." Dada aliniambia baadaye, "Hata hakuelewa kwamba nilikuwa namsema yeye."

Baba akaugua kifua, akafa. Dada alimuuguza vizuri, kwa adabu, kama unavyomhudumia mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Sasa Dada anakaribia kustaafu, na ameandika kitabu chake cha mwisho. Sura ya kwanza ni Mama na cherehani, safari hii kwa ukamilifu. Nilipomaliza kuipiga chapa nikamchokoza tu, kwa uchokozi wangu wa kawaida: "Na huyu naye umeshamsomea? Au kanuni ni ya mama za wenzio?"

Akanitazama. "Nimsomee nini, na yeye ndiye aliyeyaishi?" akasema. Akaanza kuzipanga karatasi. Halafu akasema, "Jumamosi."

Jumamosi asubuhi tukaenda. Mama anaishi kwenye nyumba ile ile. Cherehani ipo chumbani kwake, kifuniko kimefungwa, juu kuna redio, dawa za presha na kitambaa cha mezani alichokifuma mwenyewe. Miguu imemchoka, lakini akili yake ni timamu kuliko yangu.

"Profesa leo kaniletea mtihani?" akauliza.

"Nimekuletea maisha yako, Mama. Sikiliza, kisha useme."

Dada akasoma. Mama akasikiliza akiwa amefumba macho, mikono magotini. Alicheka palipokuwa na yule mteja aliyevuta tumbo ndani kila akipimwa kiuno, halafu akarudi kulalamika kwamba gauni linambana. Alisahihisha rangi ya benchi la wateja. Dada alikuwa na raha, nilimwona. Akafika kwenye kifuniko, akasoma: "Baba alifunga cherehani, na pamoja nayo akafunga maisha ya mama yangu." Mama akafumbua macho, akayakodoa kwenye dari mpaka mwisho.

Dada akavua miwani, akauliza swali lake. "Mama, nimekuandika wewe, au nimemwandika mtu mwingine?"

"Mimi umeniandika mimi," Mama akasema. "Tena umeniandika vizuri. Baba yako ndiye umemwandika mtu mwingine."

Nilidhani anatania. Dada naye alidhani hivyo, maana alianza kutabasamu.

"Hakufunga yeye," Mama akaendelea. "Nilifunga mimi."

"Mama."

"Usini-Mama. Umesema nisikilize kisha niseme, sasa nasema. Ulikuwa unasinzia darasani, mwalimu wako akaniita. Ulikuwa ukitoka shule unakaa kwenye cherehani hata sare hujavua. Ulikuwa unapachika kola kuliko mimi! Wateja wakaanza kusema, yangu ashone yule mtoto. Na mimi najua njia hiyo inaishia wapi, maana ndiyo niliyopita. Mama yangu aliona mikono yangu, akaona vitabu vya nini tena. Nikasema, huyu hapana."

"Si ungenikataza tu?"

"Nilikukataza mara ngapi? Ukikatazwa unanishika shavu, unasema, Mama, pindo moja tu. Nakupa. Wewe nilikuwa siwezi kukukatalia. Na nikiendelea kushona mwenyewe humu ndani, ungekuja tu. Nikaifunga. Nikamwambia baba yako, akirudi sema wewe. Mimi nikisema atanibembeleza, nitafungua."

"Ulikuwa unalia," Dada akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nilikuona kwa macho yangu unalia."

"Nililia, ndiyo. Wewe unadhani nilikuwa siipendi?"

Akanyoosha mkono kwenye kopo la dawa, akatoa ufunguo mdogo wa shaba, akauweka juu ya karatasi za Dada. Ufunguo wenyewe haukusema kitu. Baba amekufa, vitu vyake vyote viko kwa Mama, na ufunguo ungeweza kutoka kwenye ile pete ya chuma kama ungeweza kutoka popote. Nililifikiria hilo, nikaona kwa jinsi Dada alivyoutazama kwamba na yeye analifikiria.

"Kwa nini hamkuniambia? Miaka yote hii, Mama!"

"Mimi nilitaka. Yeye alikataa. Alisema mwache, hasira yake inamsomesha. Akijua ni wewe, mama yake, atakuonea huruma, atarudi kukusaidia kushona. Ulipokuwa mkubwa nikamwambia, haya, sasa tumwambie. Akasema, ameshaliandika, tutamwaibisha mbele ya wenzake."

Dada akasimama, akakaa, akasimama tena. Kisha profesa ndani yake akaamka, nikafurahi, maana yule mwingine nilikuwa simjui. "Sawa," akasema. "Tuseme ni wewe. Kwa nini ilibidi uchague kati ya kazi yako na shule yangu? Baba alichagua nini? Kuna aliyemwambia aache bohari?"

"Hakuna aliyemwambia."

"Ndiyo hapo ninaposema mimi!"

"Basi andika hapo," Mama akasema. "Hapo ni kweli, na mimi nitakuunga mkono. Lakini ufunguo usimpe yeye. Haukuwa wake."

Dada akakusanya karatasi zake vibaya, nyingine juu chini, akaaga. Tulipofika kwenye gari nikaona amevaa kandambili za Mama. Viatu vyake vilibaki mlangoni. Nilipomwambia alizitazama zile kandambili kwa muda kama vile ni swali gumu, kisha akaingia kwenye gari akaendesha hivyo hivyo.

Mimi sikuamini. Niseme wazi, sikuamini hata kidogo. Nilimwambia Dada njiani kwamba wajane wote huwapiga msasa waume zao wakishakufa. Ungewasikiliza, ungedhani dunia haijawahi kuwa na mwanamume mbaya aliye kaburini. Nilidhani namsaidia.

"Kwa hiyo nisimwamini?" akauliza.

"Usimwamini."

"Wale wanawake wote nimewaamini. Yule aliyefuta nusu ya sura nilimwamini. Nije nisimwamini mama yangu?"

"Basi mwamini."

"Nikimwamini, nimekaa na mtu nyumba moja, nimemfanya jela ya mama yangu, nimemtangazia ulimwengu, na hakuwa yeye." Akapita taa nyekundu bila kuiona. "Nisipomwamini, ile karatasi mlangoni niibandue."

Nilimwambia aangalie barabara.

Wiki iliyofuata nilimpelekea karatasi chuoni, nikamkuta darasani. Kwa bahati mbaya somo la siku lilikuwa makala yake ile ile. Imo kwenye mtaala, hana pa kuikwepa. Nikasimama mlangoni. Dada alikuwa amegeukia ubao, chaki mkononi, hajaandika kitu. "Nyamazeni kwanza," akasema. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono, akauliza kama mwanamke anayesimulia maisha yake huku akimtetea aliyemuumiza naye aaminiwe kwanza.

"Rudia swali," Dada akasema.

Msichana akarudia.

"Rudia tena."

Darasa likacheka, wakadhani Bi Rudia anajitania mwenyewe. Msichana akarudia mara nyingine. Dada akaweka chaki mezani taratibu na kusema, "Mimi mwenyewe sijui. Nimekuwa nikidhani najua." Akatoka, akanipita mlangoni bila salamu, nikamfuata mpaka ofisini. Huruma ilinishika, na hasira pia, kwa Mama, kwa Baba, kwa cherehani yenyewe. Hata kwa yule mwalimu aliyemwita Mama shuleni nilikuwa na hasira.

Ofisini alikaa, akashika tama. Kabati la chuma, kanda za sauti kwenye maboksi ya viatu, ile karatasi ya rangi ya chai. Nilikuwa nafungua dirisha ili nisiwe nimesimama bure, na ndipo nilipouona tena akilini ule ukumbi wa mhadhara. Sijui kwa nini pale, mbele ya dirisha. Nikamwona Mama anainuka kitini. Msalani kwenye ukumbi ule ni nyuma. Anayetaka kwenda msalani huinuka na kugeuka. Mama hakugeuka. Aliinuka akitazama mbele, akimtazama Dada jukwaani, na mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Dada," nikasema. "Siku ya mhadhara wako, Mama aliinuka."

"Najua. Alitaka kwenda msalani, ulinieleza. Baba akamkalisha."

"Hakuwa anakwenda msalani. Alikuwa anataka kusema."

Akainua kichwa.

"Ulikuwa umetoka tu kutaja ufunguo. Mama akainuka aseme, Baba akamvuta. Nilikuwa kiti cha pili. Alimvuta, akamwambia kitu, Mama akakaa. Ukumbi wote ulikuwa ukimtazama yeye, naye akaendelea kukutazama wewe."

"Na mwishoni akapiga makofi," Dada akasema.

"Akapiga makofi."

"Akaniambia sauti ilifika mpaka nyuma."

Alianza kulia hapo. Nilikuwa sijawahi kumwona dada yangu akilia. Hata tulipomzika Baba hakulia, alikuwa akisimamia viti. Alilia vibaya, bila kujificha, miwani ikiwa bado usoni. Nilitaka kumshika nikaona aibu, nikamshika hivyo hivyo.

Simu ya mezani ikalia. Nilitaka kuiacha, lakini Dada ni mtu wa kazi. Alijifuta na mkono wa blauzi, akaipokea. Alikuwa mhariri wake, mwanamke mwenye sauti ya kuchangamka ambayo husikika mpaka nje ya simu. Kiwanda kinasubiri, akasema. Sura nyingine zote ziko tayari, imebaki ya kwanza tu. Vipi, tuipeleke?

"Bado," Dada akasema. "Mwenyewe hajasomewa."

"Lakini Profesa, si ulisema Jumamosi umemsomea mama?"

"Mama nimemsomea, ndiyo."

"Sasa amebaki nani?"

Dada alikuwa anautazama ule ufunguo wa shaba, ambao sikujua kwamba aliondoka nao, upo mezani kando ya kinasa sauti. Mhariri akasubiri kidogo, kisha akaanza kuita, "Halo? Profesa? Halo?"